Kanda za Sikinde: jamani msimkate mtangazaji

Mhariri, salaam kwako na kwa wasomaji wote.

Jambo hili nimekaa nalo tangu Pasaka na sasa naona nikizidi kunyamaza nitakuwa nakosea. Siku hizi kila mwenye simu anarusha nyimbo za zamani za dansi, YouTube zimejaa tele, magrupu ya WhatsApp ya zilipendwa ndo usiseme, na mimi kwa hilo nafurahi sana, vijana ambao hawajawahi kuona tumba likipigwa wanaimba nyimbo za Mlimani Park, hao hao Sikinde, mwanzo mpaka mwisho utadhani walikuwepo. Kinachoniuma ni kitu kimoja. Mtu akipata kanda ya zamani cha kwanza anaikata. Anamkata mtangazaji aliyeitambulisha bendi, anakata makofi, anakata pale mpiga gitaa anapotyuni, anakata waliokosea wakaanza upya, anabakiza wimbo mtupu na juu yake anaandika "safi kabisa, haina kelele". Mnachokitupa hapo na chenyewe ni mali jamani, tena kikishatupwa hakirudi.

Niseme nimeyajuaje haya. Baba yangu mdogo, Mungu amrehemu, alikuwa dereva wa malori, njia yake kubwa Dar na Morogoro, na ikitokea kalala Dar Jumapili humkuti gesti, utamkuta ukumbi wa DDC Kariakoo kwa Sikinde. Alikuwa na redio kaseti moja kubwa ya mkono, anaibeba mpaka ukumbini, anaiweka juu ya meza sio mbali na spika, anabonyeza rekodi, anaagiza kinywaji. Siku nyingine akiwa nyumbani anarekodi moja kwa moja toka redioni, vipindi vya Misakato na Klabu Raha Leo Show pale RTD, Redio Tanzania Dar es Salaam, ambapo bendi ilikuwa inapiga laivu watu wamekaa wanaangalia. Alipofariki mama mdogo akanipa boksi, akaniambia baba yako mdogo alisema hizi ni zako maana wewe ndo ulikuwa unamsaidia kuzirudisha nyuma kwa penseli. Kaseti 38. Nyingine C60, nyingine C90, yani za dakika 60 na za dakika 90, zimeandikwa kwa kalamu ya wino, nyingi zimefutika.

Mimi kwa haraka nikachukua sita za kwanza nikazipeleka duka moja mjini wanahamishia kanda kwenye flashi. Baada ya siku nne nikaenda kuchukua. Kwenye flashi nikakuta nyimbo 31, kila moja inaanza gitaa na kuishia gitaa, hakuna mtu anaongea, hakuna kofi, na zimepitishwa kwenye kitu cha kuondoa mluzi wa kanda mpaka matoazi yote yamekufa, saksafoni inasikika kama mtu kaifunika blanketi. Nikauliza kanda zangu ziko wapi. Kijana akanirudishia nne. Mbili anasema zilikatika wakati wa kuzipiga akazitupa, si mziki uko kwenye flashi mzee. Sikugombana naye, alidhani kanifanyia kazi nzuri, lakini nilitoka pale miguu haina nguvu.

Zile nne nilikuja kuzipiga mwenyewe nyumbani baadaye nikiwa nimepata deki, na hapo ndo nikaelewa nilichokosa kwenye zile mbili. Kuna kanda moja ya ukumbini, kabla wimbo wa pili haujaanza unasikia chupa zinagongana, mtu anamwita mhudumu, bezi inapigwa nyuzi moja moja taratibu, alafu karibu kabisa na maikrofoni baba mdogo anakohoa, anamwambia mwenzake, "Betri hizi zinaisha, sijui kama zitafika." Basi. Maneno hayo tu. Kwenye flashi hayapo. Sauti ya baba mdogo nyumbani kwetu haipo popote pengine, hakuwa mtu wa kupiga simu za kurekodiwa wala video za harusi, ipo hapo tu kwenye kanda ya Sikinde kati ya wimbo wa kwanza na wa pili.

Na sio machozi tu, maneno yale yana kazi. Nyimbo za upande ule zote zinakwenda mbio kuliko kawaida na waimbaji wana sauti nyembamba, mpaka nikawa nadhani siku ile bendi walikuwa wana haraka. Kumbe ni betri. Redio ikirekodi na betri zimechoka kanda inatembea polepole, ukija kuipiga kwenye deki ya umeme inatembea mwendo wake wa kawaida, kwa hiyo mziki unakimbia na sauti zinapanda juu. Ukilijua hilo unarudisha mwendo, sauti za watu zinarudi kuwa za watu. Asiyejua atairusha hivo hivo na wajukuu zetu watasema Sikinde walikuwa wanaimba kama watoto.

Sasa njoo kwa mtangazaji. Bendi zetu zilikuwa zinabadilisha majina kufuatana na mwenye vyombo, na jina analotaja mtangazaji ndo kalenda yako. Mlimani Park ilianza 1978 chini ya kampuni ya TTTS, ile ya usafiri na teksi, mpaka 1983 ikachukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Kwa hiyo ukiskia "DDC Mlimani Park Orchestra" unajua hiyo ni 1983 kuja mbele, hata kama kwenye boksi mtu kaandika 1980. Msondo ndo zaidi, NUTA Jazz toka 1964, mwishoni mwa miaka ya 70 ikawa JUWATA, 1991 ikawa OTTU, baadae ndo tukazoea Msondo Ngoma, bendi moja majina manne, na kila jina lina miaka yake. Ukishaunganisha na sauti za waimbaji unazidi kusogea karibu, mfano Mzee Muhidin Gurumo alikuwa Mlimani toka mwanzo mwanzo mpaka 1985 alipoondoka kwenda bendi ya Safari Sound wakaanzisha mtindo wa Ndekule, kwa hiyo yeye akisikika na mtangazaji akataja DDC, tarehe yako imebaki kwenye kidirisha cha miaka miwili mitatu tu. Hayo yote unayapata kwenye sekunde kumi za mtu kuongea. Ndo sekunde hizo watu wanazikata.

Wapo watakaosema kwani shida iko wapi, si nyimbo zenyewe zipo TBC, warithi wa RTD. Zipo, na nawashukuru sana mafundi wa RTD wa enzi zile pale barabara ya Pugu, bila wao tusingekuwa na kitu cha kubishania leo. Ila lazima tuelewe kilichorekodiwa pale ni nini. Mashairi yalikuwa yanapitiwa kwanza na jopo, yakikubalika bendi inaingia studio, maikrofoni chache, wanamuziki wote chumba kimoja wanapiga kwa pamoja mwanzo mwisho, hakuna habari ya mmoja kuja kesho kuongeza sauti yake. Ukisikia ile milio ya matarumbeta ilivyokaa sawa, walikuwa wanaijua kazi yao vibaya sana. Lakini hiyo ni studio, ni wimbo uliovaa suti. Ukumbini wimbo ule ule ni kitu kingine. Sehemu ya taratibu ya mwanzo inaenda vilevile, mnasikiliza hadithi, alafu inaingia chemko, ile sehemu ya mbio ya kucheza, na hapo hakuna anayeangalia saa. Nina wimbo mmoja ambao wa redioni ni dakika sita na kidogo, wa ukumbini umevuka kumi na mbili na kanda ikaisha kabla wao hawajaisha. Gitaa la solo linarudia kitu kimoja mara nne, mara ya tano linakigeuza, ukumbi mzima unapiga kelele, mtu anakuja kutunza, mwimbaji anakatisha mstari wa wimbo anataja jina la aliyemtunza na la mtaa wake, anarudi kwenye mstari pale pale alipouacha bila kupoteza pigo. Hicho studio hakipo. Kisingeweza kuwepo.

Alafu kuna suala la sahani. Tanzania hatukuwa na kiwanda cha kuchapa sahani za santuri, mziki ulikuwa unapelekwa Nairobi. Sisi wa Morogoro tunajua, Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz kazi zao nyingi zilitoka kwenye santuri za Kenya na ndo maana mpaka leo unazipata, na hata alipopata ajali iliyomuua Januari 1979 alikuwa huko huko Kenya. Sasa angalia Sikinde wamezaliwa lini. 1978. Jumuiya ya Afrika Mashariki imevunjika 1977, mpaka wa Kenya umefungwa na haukufunguliwa mpaka 1983. Yani bendi ilianza kupendwa wakati ambapo njia ya kwenda kuchapa santuri ilikuwa na kufuli, kwa hiyo miaka ile ya mwanzo kitu kikubwa kilichobaki ni kanda za redio na kaseti za watu kama baba mdogo. Miaka ya 90 kampuni ya Africassette ya Marekani ilitoa nyimbo chache za Sikinde zilizorekodiwa redioni, hiyo ilisaidia sana nje kutujua. Ila laivu za ukumbini hakuna kampuni iliyokuja kuzirekodi. Ziko uvunguni mwa vitanda vyetu.

Nimewahi kuambiwa na mtu tunayeheshimiana kwamba haya ni mambo ya wapenzi waliopitiliza, nani ana muda wa kusikiliza mtu anahesabu moja mbili tatu nne kabla ya wimbo. Nikamjibu aangalie wenzetu wa The Beatles, maana hakuna bendi iliyochunguzwa kama ile. Hao kuanzia Machi 1962 mpaka Juni 1965 walipiga redioni BBC mara 275, nyimbo 88 tofauti, na 36 kati ya hizo hawakuwahi kuzitoa kwenye santuri zao. Na BBC haikutunza kanda nyingi, wakati ule ilikuwa kawaida kufuta na kurekodi kitu kingine juu yake. Ilipofika 1994 albamu ya kazi hizo za redioni ikatoka, sehemu ya waliyoyapata yalitoka kwa wasikilizaji wa kawaida waliorekodi nyumbani kwao. Watu kama baba mdogo kabisa, tofauti ni kwamba hawa walikuwa Uingereza. Na kwenye albamu ile maongezi ya watangazaji na vijana wenyewe wakitaniana hayakukatwa, yamewekwa makusudi yapewe nafasi yake. Mwaka uliofuata na 1996 yakatoka yale ya Anthology, albamu tatu za CD mbili mbili, humo kuna teki za kwanza, yani zile mara za mwanzo wimbo ulipojaribiwa kurekodiwa, kuna walizokosea, kuna za majaribio ambazo wimbo bado haujakaa sawa, na dunia nzima ilinunua. Kwenye studio za Abbey Road kila teki ilikuwa inaandikwa namba kwenye karatasi ya boksi. Namba tu na tarehe. Kalamu ya shilingi ngapi hiyo?

Mfano mwingine wa hao hao ndo unaogusa kabisa ninachosema. Desemba 1962 walikuwa wanapiga Star-Club kule Hamburg, Ujerumani, mtu akaweka mashine ya nyumbani ya Grundig na maikrofoni moja mbele ya jukwaa. Sauti mbaya, maneno mengine hayasikiki. Mwaka 1977 ikatolewa kuwa albamu, na waliotoa wakawa wanasema imerekodiwa mapema 1962, kabla Beatles hawajasaini na kampuni ya santuri ya EMI mwezi Juni, ili ionekane hawakuvunja mkataba wa mtu. Sasa ndani ya kanda, kati ya nyimbo, kuna maongezi, na mengine yanagusa Krismasi, hayo pamoja na nyimbo zenyewe yanaonyesha ni mwisho wa mwaka. Kesi ilifika mahakamani London 1998, George Harrison mwenyewe akaenda kutoa ushahidi, Beatles wakashinda. Fikiria kama yule mwenye kanda angekuwa na tabia yetu, akate maneno abakize nyimbo safi.

Kwa wenye kaseti nyumbani niseme niliyojifunza, na mafundi wataniongezea. Usianze kwa kupiga play. Kaseti iliyokaa miaka 30 ifungue kwanza uangalie kile kisponji kidogo katikati, kikiwa kimebanduka kanda haitagusa hedi, kile kichwa cha deki kinachosoma kanda, vizuri na sauti itakuja imefifia, chukua kisponji cha kaseti ya mahubiri isiyo na kazi ukihamishie. Kama gamba limegundishwa na halina skrubu, lipasue taratibu pembeni kwa kisu, toa vile vigurudumu viwili na kanda yake, vipachike kwenye gamba la skrubu. Izungushe mwanzo mwisho kwa penseli au Bic bila haraka ili kanda iliyoshikana iachiane. Hedi ya deki isafishe kwa pamba na spiriti kila upande, sio kila wiki, kila upande, maana kanda hizi zinamwaga unga wa kahawia. Alafu pembeni ya hedi kuna skrubu ndogo yenye springi, hiyo huku mziki unaendelea igeuze nywele kidogo tu kulia au kushoto mpaka usikie matoazi na ile "s" ya mwimbaji vimefunguka. Siku ya kwanza nilipoigeuza, upande ambao duka lilishaniambia umekufa ulirudi hai, nikaskia mpaka kamba ya gitaa la ridhim inavyokwaruzwa. Rekodi kwa WAV, sio mp3, programu ya Audacity ni ya bure na inatosha kabisa. Bonyeza rekodi kabla kanda haijaanza na usizime mpaka imegonga mwisho. Faili hilo refu lote, na mluzi wake na vikohozi vyake, litunze sehemu mbili. Ukitaka kumtumia mtu wimbo mmoja tengeneza nakala, ikate nakala.

Na piga picha karatasi ya kaseti, mbele na nyuma, hata kama kuna namba ya simu ya mtu au hesabu za duka. Baba mdogo aliandika kwenye moja "J2, mvua, Sikinde, watu wachache". Mvua ile naisikia, iko juu ya bati muda wote wa upande A.

Vile vipande viwili vya plastiki juu ya kaseti, vya kuvunja ili isifutwe, kama kwenye yako vimevunjwa na mtu kaziba kwa selotepu, itoe selotepu leo. Nimepoteza nusu saa ya JUWATA kwa sababu mtoto alirekodi mechi juu yake mwaka sijui gani, na kosa ni letu wakubwa, tuliiacha wazi.

Mhariri, ombi langu kwako ni dogo. Kwenye kurasa zenu za burudani mnapoandika habari za zilipendwa, tengeni kisanduku mara moja kwa mwezi watu waandike wana kanda gani, ya bendi gani, wameskia nini ndani yake. Wengi wa waliokuwa kwenye zile kumbi wapo, wana miaka 60 na 70, wanasoma gazeti, ukiwatajia jambo moja wanakumbuka na meza waliyokaa.

Mimi naanza na langu. Kaseti yangu ya 17, upande B, DDC Kariakoo, kwa jina analotaja msemaji wa ukumbi ni baada ya 1983, na Mzee Gurumo bado yupo kwa sababu anaitikia. Wimbo wa tatu ukikaribia kwenye chemko msemaji anashika maikrofoni anasema leo tuna mgeni kutoka Tanga, atatupulizia saksafoni, anaitwa, na hapo hapo ukumbi unalipuka kwa makofi jina linamezwa. Nimelirudia kwa hedifoni zaidi ya mara hamsini, naskia linaanza na "Sa" au "Sha". Anapuliza kama dakika nne, anaanza chini sana kama anaogopa, dakika ya pili wapiga tarumbeta wa Sikinde wananyamaza wenyewe wanamwachia, na anapomaliza mwimbaji anacheka kwa furaha kabisa, anasema "Tanga hiyo!" Kanda inaishia hapo. Kama kuna msomaji alikuwepo ukumbini Jumapili ile, au wewe uliyepuliza upo unasoma hapa, naomba uandike kwa mhariri utuambie jina.

Wako msomaji wa siku nyingi,
Morogoro